Modeli ya kukisia uwezo wa mwanafunzi

Tuchukue watoto wawili wa darasa la sita la msingi hapa Bukavu, mmoja anasoma Kadutu, mwingine Ibanda. Wote wamepata 6 juu ya 10 kwenye hesabu. Wa Kadutu aliulizwa: makopo 3 ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani) ni faranga 6000, kopo moja ni ngapi? Wa Ibanda aliulizwa habari ya mama aliyenunua sambaza, robo ikamwozea njiani, naye bado anataka faida ya 20 kwa mia. Buletini zinaandika 60 kwa wote wawili, na wazazi wanalinganisha bila wasiwasi.

Uwezo hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni majibu, na uwezo tunaukisia kutoka humo. Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha mwaka 1960 modeli, yaani kanuni ya hesabu, inayoweka uwezo wa mtoto na ugumu wa swali kwenye rula moja. Vikilingana, nafasi ya kupata jibu ni 50 kwa mia. Mtoto akiwa hatua moja juu ya swali, ni kama 73. Hatua moja chini, 27. Kwa hiyo mwerevu kukosa swali jepesi si ajabu, na wala si lazima awe mvivu (walimu wengine hawapendi kusikia hilo).

Kisha hesabu inageuzwa: majibu haya tunayo, ni uwezo gani ungeyaleta kwa urahisi zaidi? Lakini ili kulinganisha Kadutu na Ibanda, lazima karatasi zote mbili ziwe na maswali machache yanayofanana. Hayo ndiyo daraja. Bila daraja, kila shule inabaki na rula yake. Maswali ya kuchagua yana shida yao: penye majibu manne, hata anayebahatisha ana nafasi ya 25 kwa mia, na zipo modeli zinazolizingatia hilo.

PASEC, tathmini ya nchi zinazotumia Kifaransa ambayo Congo yetu ilishiriki mwaka 2019, hutoa pointi zake kwa njia ya aina hii.

Na aliyepata 10 juu ya 10? Modeli ya Rasch peke yake inashindwa kumpa namba: inajua yuko juu ya maswali yote, haijui kwa kiasi gani. Mpe swali la robo iliyooza.