"Quite" si "sana", jamani

Imeniangukia tena mezani tafsiri ambayo kila "quite" ya Kiingereza imegeuzwa kuwa "sana". Ukimuuliza mfasiri, jibu ni lile lile: si ni neno la kutia mkazo? Ni kweli linatia mkazo, lakini mara nyingi tu linaupunguza, na aliyesifiwa kwa "quite" huenda hajasifiwa hata kidogo.

Tumalize yaliyo mepesi. Mbele ya kivumishi kisicho na ngazi, yaani sifa ambayo ama ipo ama haipo, kama "impossible", "wrong" au "perfect", maana yake ni kabisa. Hiyo ndiyo maana kongwe. Neno lilitoka Kifaransa cha kale, likimhusu mtu aliyefutiwa deni lote. Mbele ya kivumishi chenye ngazi, yaani sifa inayoweza kuzidi au kupungua, kama "good" au "tall", Mwingereza kwa kawaida anasema kiasi. Ndiyo maana "quite different" ni tofauti kabisa, lakini "quite similar" ni kufanana kwa kiasi. Vitenzi navyo ni hivyo hivyo: "I quite agree" ni kuunga mkono moja kwa moja, "I quite like it" ni kupenda kwa kujizuia. Na "quite a few" ni wengi, msiniulize kwa nini.

Sasa Marekani. Huko "quite good" aghalabu ni nzuri sana. Mhariri wa Uingereza akiandika maneno hayo pembeni mwa muswada wa Mmarekani, mwandishi atashangilia, kumbe ameambiwa si haba. Isitoshe, huko huko Uingereza sauti huamua: "quite" ikikazwa, sifa inanywea, "good" ikikazwa, sifa inapanda, hasa msemaji akiwa hakutarajia. Karatasi haina sauti, kwa hiyo kabla ya kugusa sentensi nataka kujua mwandishi ni wa upande gani wa Atlantiki, kisha nasoma aya nzima. Wenzangu wanaona ninapoteza muda. Haya.

Kinachonitoa jasho hasa ni "not quite". Sentensi ni hii: "The report is not quite ready." Mfasiri anakumbuka kwamba "quite" ni kabisa, anaweka ukanushi, anapata: "Ripoti haiko tayari kabisa." Kila neno lina mwenzake, na sentensi nzima ni uongo! Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ripoti haijafika popote, pengine hata haijaanzwa, wakati Mwingereza amesema imebaki kidogo tu. "Kabisa" letu likija baada ya ukanushi hukanusha hadi mzizi. "Quite" yao ikikanushwa inakanusha ukamilifu tu. Andika "ripoti bado kidogo" au "inakaribia kuwa tayari". Vivyo hivyo "I'm not quite sure" si "sina uhakika kabisa". Huyo ana uhakika, ila haujatimia. Nimeona mtu akilaumiwa kwa uzembe kwa sababu ya "kabisa" moja iliyokaa pabaya.

Hiyo kanuni ya ngazi mimi mwenyewe naifundisha, lakini inavuja. "Full" ina ngazi au haina? Chumba hujaa au hakijajaa, lakini watu husema "quite full" wakimaanisha viti vichache vimebaki. "Clear" nayo hucheza pande zote mbili. Mbaya kuliko zote ni "quite happy". "I'm quite happy to wait" haina utata, ni kukubali kusubiri bila kinyongo. Lakini "I'm quite happy with the contract", katika barua ya mtu nisiyemfahamu, inaweza kuwa ameridhika kabisa au ameridhika nusu nusu, na hakuna kamusi itakayoniamulia. Akipatikana, namwandikia nimuulize. Asipopatikana naandika "nimeridhika na mkataba", bila kielezi chochote.