Ridibaki ni nini, na kwa nini "roja" haitoshi

Ukisikiliza redio asubuhi pale Wilson, Nairobi, ndege ndogo za Cessna zimepanga foleni kwenda Mara, utasikia muongoza ndege anatoa maelekezo halafu rubani anayarudia karibu yote. Mgeni anaona kama wanapoteza muda tu. Hapana, hiyo ndo ridibaki, yaani unarudia ulichoambiwa ili yule aliyekwambia asikie wewe umeelewa nini, na kama umekosea akurekebishe hapohapo kabla ndege haijasogea.

Si kila kitu kinarudiwa. Habari za upepo ukisema umepata inatosha. Kinachorudiwa ni ruhusa ya kuingia, kuvuka, kuruka au kutua kwenye ranwei, yaani ile njia ya kurukia na kutua, amri ya kusubiri nje ya ranwei, kimo, uelekeo, presha ya hewa ya kuseti altimita (kipima kimo) na namba ya transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Na namba ya ndege yako usiache kuitaja, maana ndege mbili zikiwa na herufi zinazofanana na wewe ukadaka ruhusa ya mwenzako ukajibu bila kujitaja, pale mnarani, kwa waongoza ndege, watajuaje kwamba aliyejibu siye?

Sasa hii "roja". Maana yake nimepokea ujumbe wote, basi, haina maana ya ndiyo wala nitafanya hivyo. Ukiambiwa usubiri nje ya ranwei 14 ukajibu roja, muongoza ndege hajui umesikia subiri au umesikia ingia.

Ridibaki yenyewe nayo inataka maneno yaliyonyooka. Kisiwani Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu, ndege ya shirika la KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kupita ikishaondoka, haikuwa imepewa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akarudia vizuri, ila mwishoni akaongeza maneno yasiyoeleweka kama wako tayari kuruka au ndo wanaruka, mnara ukajibu sawa, kisha mnara na ndege nyingine, ya Pan Am, iliyokuwa bado kwenye ranwei wakaongea kwa pamoja, kule KLM ikasikika kama mluzi tu, KLM ikakimbia kuruka na kuigonga ile ya Pan Am. Walikufa watu 583, inaniuma kila nikiisoma. Baada ya pale neno tekofu, yaani kuruka, likawa linatumika tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta, kwingine kote inasemwa dipacha, yaani kuondoka.

Kwa hiyo wewe wa ndege ndogo, sikiliza kwanza kama hakuna anayeongea, panga maneno kichwani, bonyeza kitufe, vuta nusu sekunde ndo uongee, la sivyo neno la kwanza linakatwa. Namba za ranwei na uelekeo taja tarakimu mojamoja. Na kama hujasikia vizuri omba arudie, hata mara ya tatu, hata kama kuna ndege kubwa nyuma yako inasubiri, usibahatishe namba ukitegemea kwamba ukikosea atakushtua, maana na yeye anaongea na ndege kibao na kosa lako linaweza kumpita.