Nyumba moja, akaunti nne, bei nne

Juzi mteja alinionyesha simu yake. Nyumba ya vyumba vitatu, Goba, Dar es Salaam, geti la kijani, imewekwa Instagram na akaunti nne. Ya kwanza inasema milioni 145, ya mwisho milioni 180. Akaniuliza, "Kaka, hapa mkweli nani?" Mwenye nyumba namfahamu: anataka milioni 140, na maongezi yapo. Kinachozidi hapo ni cha juu, pesa dalali anayojiongezea.

Zamani sisi madalali tuliishi kwa kujua nyumba ilipo. Mteja alitukuta kijiweni, akatoa hela ya kuonyeshwa, tukapanda naye daladala. Sasa picha inazunguka WhatsApp, kila dalali anaichukua na kuipandisha bei, huku wote wakificha mahali ilipo kwa hofu ya kurukwa, yaani mteja amfuate mwenye nyumba moja kwa moja na dalali akose chake. Ndiyo maana matangazo mengi yanaishia kwenye "piga simu kwa maelezo zaidi". Naielewa hofu hiyo, nimerukwa mara nyingi. Ila mnunuzi wa leo ameshalinganisha nyumba ishirini kabla ya kunywa chai, na ukimficha anahamia kwa mwingine.

Mimi niliamua kuonyesha kila kitu. Kuna nyumba ya Madale ilikaa miezi mitano sokoni, picha zake zimepigwa jua la saa saba, nguo zimeanikwa kibarazani. Nikaenda saa kumi na moja jioni, nikafungua mapazia, nikachukua video moja bila kukata, kuanzia lami hadi getini. Ile njia ina korongo lililochimbwa na mvua. Nikalirekodi lote, na gari dogo likilipita taratibu. Ndani nikafungua bomba la jikoni, maji yakaonekana yakitoka, kisha nikapanda hadi kwenye tenki. Simu zilipungua sana. Lakini waliopiga walikuwa wanunuzi kweli, na wa tatu kuja kuiona ndiye aliyeinunua. Aliniambia korongo alishalipigia hesabu ya kifusi kabla hajatoka nyumbani.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho video haikuonyeshi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa muda, usiozidi miaka 99. Tangazo litaandika "ina hati" bila kutaja kwamba ni ya miaka 33 na imebaki sita. Wengine huita hati kile ambacho ni leseni ya makazi tu, kibali cha muda mfupi. Kwa hiyo omba nakala ya hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki juu yake, halafu ukaongee na majirani. Hasa wewe uliye ughaibuni, unayenunua kwa kutazama video: tuma ndugu unayemwamini afike pale, na usitume hata shilingi ya "kushikilia nyumba" kabla ya upekuzi.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka jana nilitumiwa picha za nyumba nzuri Tabata, bei ya chini kuliko mtaa mzima. Mteja wangu, mama mmoja mjane, alikuwa tayari kulipa kianzio jioni ileile kwa simu. Nikamwomba, "Mama, nipe hadi kesho asubuhi." Nilipofika nikaelewa kwa nini kila picha ilikatwa juu ya usawa wa madirisha. Chini yake, kwa rangi nyekundu, ukuta mzima uliandikwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nikaupiga picha ukuta ule wote, kuanzia msingi hadi paa, nikamtumia mama.