Mechi ya hisani ya kombaini ya sekondari wakati wa vita: maana yake

Nchini Marekani, mechi ya hisani ya kombaini ya sekondari ni pambano moja la mwaka ambalo wachezaji bora wa shule nyingi hukusanywa kuunda timu mbili, na mapato yake hupelekwa kwa wahitaji. Aliyewahi kufuatilia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, anaijua nusu ya jambo hili: vijana wa shule hasimu wanajikuta wamevaa jezi moja ya mkoa. Ila kombaini ya UMISSETA inakwenda kutafuta ubingwa. Hii ya Marekani haina hatua inayofuata wala marudiano. Filimbi ya mwisho ikilia, timu zote mbili zinavunjwa, na waandaaji wanakwenda kuhesabu fedha.

Mchezo unaozungumziwa ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Wanaoitwa kikosini kwa kawaida ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Msimu wao wa shule umekwisha, kwa hiyo hakuna mwalimu anayelalamika kwamba amenyang'anywa mchezaji. Wanakaa kambini siku chache chini ya makocha wasiowazoea, wanacheza bila malipo, na makocha wa vyuo vikuu wanakuja kuwatazama. Hilo la mwisho si dogo: kwa kijana wa mji mdogo, kuitwa kombaini ni kuonekana.

Mfano mzuri ni Shrine Bowl of the Carolinas, iliyoanza mwaka 1937 mjini Charlotte. Vijana wa North Carolina hukutana na wa South Carolina. Nyuma yake wapo Shriners, chama cha kidugu ambacho mwaka 1922 kilifungua hospitali yake ya kwanza ya watoto huko Shreveport, Louisiana, kuwatibu wenye ulemavu wa viungo bila kuwatoza wazazi. Polio ilikuwa ikilemaza watoto kila kiangazi, na chanjo haikupatikana hadi 1955. Hospitali ya chama hicho iliyopo Greenville ndiyo iliyokuwa ikipokea watoto wa majimbo hayo mawili. Ndiyo maana kaulimbiu ya mechi za Shrine inasema miguu yenye nguvu hukimbia ili miguu dhaifu ipate kutembea. Mtindo wenyewe ulikuwa umeshajaribiwa kwa wachezaji wa vyuo, katika mechi ya Mashariki na Magharibi iliyoanza San Francisco mwaka 1925.

Si kila mechi ya hisani ya wanafunzi ni ya kombaini. Mwaka huohuo wa 1937, uwanja wa Soldier Field mjini Chicago ulijaa watu wanaokadiriwa kufikia 120,000 kutazama shule ya Austin ikicheza na shule iitwayo Leo. Fedha zilikwenda kwenye mfuko wa Krismasi wa meya, wa kuwavisha watoto maskini. Hizo zilikuwa shule mbili kamili zilizoshinda ligi zao, kila moja na kikosi chake. Hisani ilikuwepo, kombaini haikuwepo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliigusa dhana ya kombaini mahali panapouma. Kombaini inategemea safari: wachezaji watoke miji mbalimbali, na watazamaji vilevile. Baada ya Wajapani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, Desemba 1941, safari ndiyo ikawa anasa. Japani iliteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa utomvu wa mpira, matairi yakaadimika, na kufikia Desemba 1942 mgao wa petroli ulikuwa umeenea Marekani nzima. (Uhaba huohuo ndio uliowafanya Waingereza kufufua mashamba ya mpira Tanganyika kwa vibarua wa lazima, vita havikuwa vya mbali kama tunavyodhani.) Kwa hofu ya shambulio la Wajapani kwenye pwani ya magharibi, Rose Bowl, mechi kubwa ya futiboli ya vyuo, ya Januari 1942 ilihamishwa kutoka California hadi Durham, North Carolina, na ile ya Mashariki na Magharibi ikapelekwa New Orleans. Mwaka 1945 mechi ya nyota wa besiboli ilifutwa kabisa ili treni zisijazwe na mashabiki.

Kisha kuna suala la umri, na kwangu hapa ndipo penye uzito wote. Novemba 1942 umri wa kuandikishwa jeshini kwa lazima ulishushwa hadi miaka 18. Vyuo vilipoteza vikosi vizima, na baadhi vikasimamisha futiboli. Sekondari walibaki na vijana wa miaka 16 na 17. Aliyefikisha 18 katikati ya masomo aliweza kuomba aahirishiwe hadi amalize mwaka wa shule, basi. Kwa hiyo kikosi cha kombaini cha miaka hiyo kilikuwa, karibu chote, orodha ya askari watarajiwa. Watazamaji walilijua hilo walipokuwa wakinunua tiketi.

Vita pia vililazimisha swali la fedha: hisani ya nani? Familia za askari zilihitaji msaada, Msalaba Mwekundu ulihitaji, na serikali nayo ilikuwa ikiuza hatifungani za vita kila kona. Hatifungani si sadaka. Ni mkopo kwa serikali, na mnunuzi hurudishiwa fedha zake na faida. Mechi ya futiboli kati ya vyuo vya Jeshi la Nchi Kavu na la Majini iliyochezwa Baltimore mwaka 1944 iliuza hatifungani za zaidi ya dola milioni 58, nayo mara nyingi hutajwa kama maajabu ya ukarimu. Ilikuwa kazi kubwa, lakini watu waliwekeza. Aliyelipa kiingilio kwa ajili ya hospitali ya watoto hakurudishiwa kitu.

Na neno "bora" lilikuwa na mpaka wake. Shrine Bowl ya Carolina ya miaka ya vita ilichagua wazungu peke yao, wakati vijana weusi wa umri uleule wakiandikishwa jeshini kwa sheria ileile. Hali haikubadilika vita vilipokwisha. Mwaka 1965 mchezaji mweusi aliyekuwa miongoni mwa wakali wa Charlotte aliachwa nje, suala likafikishwa mahakamani, na Novemba mwaka huo nyumba za viongozi wanne wa haki za kiraia mjini humo, akiwemo wakili Julius Chambers aliyeisimamia kesi hiyo, zikalipuliwa kwa mabomu. Wachezaji weusi wa kwanza waliitwa kikosini mwaka 1966.