“Fundi, chaja hii haitaniulia betri?”

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia dukani Kariakoo na Steam Deck, ile kompyuta ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, aliyoletewa na dada yake anayeishi Marekani. Alitaka nimbadilishie betri. Akicheza gemu zito, chaji inashuka mpaka mashine inazima, na hapo ameichomeka kwenye umeme. Nikamuuliza chaja iliyokuja nayo iko wapi.

“Nimeiweka kabatini, fundi. Ni ya wati 45, nikaona itaipika betri. Natumia ya simu ya mama, ile ndogo.”

Alikuwa wa nne ndani ya mwezi mmoja, na betri yake ilikuwa nzima kabisa. Nimechoka kumweleza mteja mmoja mmoja jambo hili hili, kwa hiyo naliandika kwa urefu, kisha nitagusa na mengine ninayoyasikia kila siku kuhusu kompyuta hizi za gemu za mkononi.

“Chaja yenye wati nyingi inaua betri”

Haiui. Wati zilizoandikwa kwenye chaja ni mwisho wa uwezo wake, si kiasi inachokisukumia kifaa chako. Tenki la lita 5,000 juu ya paa halifuriki kikombe chako cha chai kwa sababu tu ni kubwa; maji yanatoka kadiri ulivyofungua bomba, na hapa bomba liko upande wa mashine. Steam Deck ikihitaji wati 30, chaja ya laptop ya wati 100 itatoa 30. Zile 70 hazitoki.

Wanaojua umeme kidogo huniuliza kuhusu volti: chaja ya laptop si inatoa volti 20, haitaunguza kitu? Chaja ya USB-C inayofuata utaratibu wa Power Delivery, tunaouita PD, huanza na volti 5 tu, sawa na chaja ya kitochi. Kisha chaja na mashine huzungumza kupitia waya. Chaja hutaja viwango ilivyonavyo, mathalani volti 5, 9, 15 na 20, na mashine huchagua kinachoifaa. Steam Deck huomba volti 15 kwa ampea 3, na ndiyo hizo wati 45. Isichokiomba haipewi. Ndani yake kuna saketi nyingine inayosimamia betri yenyewe na kupunguza mkondo betri inapokaribia kujaa. Chaja ya laptop ya wati 65 au 100 yenye PD, iliyotengenezwa vizuri, ichomeke bila hofu.

Ninachokiona mezani kwangu kila wiki ni matatizo ya chaja ndogo. Chukua hesabu ya yule kijana. Chipu ya Steam Deck imewekewa ukomo wa wati 15. Ongeza skrini, feni, waifai na SSD (hifadhi ya ndani), gemu zito linafikisha matumizi ya mashine nzima wati 25 hivi. Chaja ya mama ilikuwa ya volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Mashine inakula 25, inapokea 10, zile 15 zinazopungua zinachotwa kwenye betri. Betri ya toleo la kwanza, lile la mwaka 2022 lenye skrini ya LCD, inabeba wati-saa 40. Gawanya kwa 15: saa mbili na dakika arobaini, imekwisha. Mashine ilikuwa ikimwonya kwenye skrini kwamba chaja ni ya polepole, naye akawa anaufuta ujumbe kila ukitokea. Nilimrudisha nyumbani akaitoe chaja kabatini. Hakunilipa kitu, maana hapakuwa na kitu cha kutengeneza.

“Lakini fundi, chaja ya simu yangu imeandikwa wati 67!” Kampuni nyingi za simu zina utaratibu wao wa kuchaji haraka, na utaratibu huo unaelewana na simu zao tu. Ukiichomeka chaja hiyo kwenye kifaa kigeni, zile wati 67 hazipatikani. Mara nyingi unabaki na 10 au 18. Usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza chaja, soma maandishi madogo, tafuta mstari wenye 15V na 3A. Kama haupo, chaja hiyo si ya mashine hii. Na waya uwe na kichwa cha USB-C pande zote mbili. Ule wenye kichwa kipana cha zamani upande mmoja haupitishi mazungumzo ya PD, hata uuchomeke kwenye chaja ghali kiasi gani.

Betri hizi za lithiamu zinauawa na joto, na kukaa tupu muda mrefu. Mashine ikiachwa kwenye gari juani mchana wa Januari, hapa Dar, hiyo ni hatari kuliko chaja yoyote niliyoitaja. Anayecheza kitandani akiilaza mashine kwenye godoro anaziba matundu ya nyuma ambayo feni inavutia hewa. Hewa ya moto inatokea juu, ya baridi haiingii, na betri inaokwa taratibu. Anayesafiri miezi mitatu akaiacha na asilimia 2 anaweza kurudi akaikuta haiwaki. Betri ikivimba, usiendelee kucheza wala kuichaji, na usijaribu kuibandua mwenyewe kwa bisibisi. Imegandishwa kwa gundi kali, na betri ya lithiamu ikitobolewa inashika moto.

Ukijua hutaigusa kwa muda mrefu, iache na nusu chaji, izime, kisha shika kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia ili uingie kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya mashine. Humo kuna chaguo la kuihifadhi betri. Ukilikubali, betri inakatwa kabisa na haiamki mpaka uchomeke chaja. Kama wewe ni wa kucheza ukiwa umechomeka siku nzima, matoleo ya SteamOS, mfumo endeshi wa mashine hii, kuanzia 3.7 ya mwaka 2025 yanakuruhusu kuizuia betri isizidi asilimia 80. Washa hilo leo.

Na kama kinachokuudhi ni chaji kuisha upesi, jaribu hili ninalomwambia kila mteja: weka skrini ijichore upya mara 40 kwa sekunde (40Hz) na gemu kwenye fremu, yaani picha, 40 kwa sekunde. Kwenye fremu 30, kila picha inakaa milisekunde 33. Kwenye 60, inakaa karibu 17. Kwenye 40 inakaa 25, katikati kabisa. Macho yanaona ulaini ambao hukuutarajia kwa nyongeza ya fremu 10, na mashine inafanya kazi ndogo sana kuliko ya 60. Toleo la OLED lililotoka Novemba 2023 skrini yake haishuki chini ya 45. Hapo tumia 45.

“Pawabenki ya 20,000 itanichajia mara nne”

Huu ni mtoto wa ile dhana ya kwanza. Mtu anaona betri ya mashine ni mAh 5,313, pawabenki ni 20,000, anagawanya, anapata karibu nne. Hizo mAh hazilingani, kwa sababu za pawabenki zinahesabiwa kwa volti 3.7 na za Steam Deck kwa volti 7.7. Badilisha zote ziwe wati-saa: pawabenki ina 74, mashine ina 40. Toa na kinachopotea kama joto wakati wa kubadilisha volti. Utaichaji mara moja na nusu, basi. Na kama pawabenki haitoi wati 45 kwa PD, unarudi kwenye hesabu ya chaja ya mama.

“Chaja ya Marekani lazima transfoma”

Nimeona watu wamenunua lile dude zito la kushusha umeme kutoka 240 hadi 110. Soma chaja: 100–240V. Inapokea umeme wa Marekani na wa kwetu, unachohitaji ni kiunganishi cha kubadilisha miguu ya plagi. Fedha ya transfoma nunua kifaa cha kukinga umeme kama kile tunachowekea friji, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hilo kweli linaweza kuunguza chaja.

“Niwekee Windows, fundi, ipate nguvu”

Nalisikia karibu kila wiki. Mashine inakuja na SteamOS, iliyojengwa juu ya Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows, na mtu akisikia Linux anaamini amepunjwa. Magemu mengi yaliyoandikwa kwa Windows yanacheza humo kupitia Proton, programu ambayo Valve ilianza kuitoa mwaka 2018. Inatafsiri maagizo ya picha ya Windows yaeleweke na Linux wakati gemu linakimbia. Duka la Steam lenyewe linakuonyesha gemu lipi limekaguliwa, kwa hiyo angalia kabla ya kununua.

Chipu ni ile ile. Windows haiongezi hata kiini kimoja cha prosesa. Inaongeza kazi za chinichini, inachukua nafasi zaidi kwenye SSD, na inakuondolea kile ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwenye mashine hii: kubonyeza kitufe katikati ya pambano, mashine ikalala, ukapanda daladala, ukaiamsha ukiwa umeketi na kuendelea pale pale. Kwenye Windows usingizi huo hauaminiki, na kugusagusa madirisha madogo kwa kidole kwenye skrini ya inchi 7 ni mateso.

Kuna sababu moja ninayoikubali. Gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu hukataa Linux: Fortnite haikubali, na EA Sports FC 25, lile gemu la mpira, haikubali. Apex Legends ilikuwa ikicheza, kisha ikafungiwa Oktoba 2024. Najua hapa mpira ndio gemu la kwanza kwa wengi. Kama ulinunua kwa ajili ya FC pekee, niambie mapema, nitakuwekea Windows bila ubishi. Kama ni kwa sababu rafiki yako alisema itakuwa na kasi, rudi nyumbani ucheze kwanza wiki mbili.

“Niongezee RAM”

Haiwezekani. Zile GB 16 za RAM, memori ambayo mashine inafanyia kazi, zimechomelewa kwenye bodi. Anayekuahidi kukuongezea kwa bei nafuu, mkimbie.

“SSD kubwa inaongeza fremu”

Inaongeza nafasi tu. Gemu litafunguka haraka kidogo, picha kwa sekunde zitabaki zile zile. Kubadilisha kunafanyika, na hata lile toleo la GB 64 hifadhi yake inachomoka. Lakini saizi ni 2230, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Wateja huniletea za 2242 kwa sababu ni rahisi kupatikana, wakiniomba nisogeze vitu vya ndani zienee. Sifanyi. Watu walipoanza kufanya hivyo mwaka 2022, Lawrence Yang, mmoja wa wabunifu wa mashine hii pale Valve, aliwaomba hadharani waache. Chipu ya kuchaji iliyo jirani inapata moto, vile vipande laini vya kupoozea havitakiwi kusogezwa, na SSD nyingi ndefu hula umeme zaidi na kupata joto zaidi ya lile ambalo mashine imepangiwa. Subiri ipatikane ya 2230. Na ukishaifunga, rudisha ile karatasi ya metali iliyoizunguka ya zamani. Haikuwekwa pale kama pambo.

“Bila bando huchezi”

Si kweli kwa gemu la mchezaji mmoja. Ingia kwenye akaunti, pakua, lifungue mara moja ukiwa na intaneti, kisha washa hali ya nje ya mtandao. Ukiwa na kompyuta nyingine nyumbani yenye gemu hilo hilo kwenye Steam, tangu mwaka 2023 unaweza kulihamishia kwenye Steam Deck kupitia ruta yako bila kutumia bando kulipakua upya. Kwa gemu la GB 80, hiyo ni fedha nyingi imebaki mfukoni.

“Kadi yangu ya memori imekufa, kompyuta haiisomi”

Haijafa. Steam Deck huiandaa kadi kwa mpangilio wa Linux, na Windows haiujui. Ukikubali Windows “iitengeneze”, itafuta gemu zako zote. Irudishe kwenye Steam Deck utaona kila kitu kipo.

Kadi iliyokufa kweli ni ile niliyoletewa Jumatatu, imekatika vipande viwili. Mwenyewe aliamua kufungua mgongo wa mashine ili asafishe feni, akalegeza skrubu zote nane vizuri, akasahau kwamba kadi inapita kwenye tundu la kasha. Alipovuta kifuniko, kadi ikavunjika. Kabla hujashika bisibisi, zima mashine na utoe kadi, hata kama unadhani hukuweka. Bonyeza tundu kwa kidole uhakikishe.