Kabla ya kompyuta, udongo

Wanaotaka kufungua darasa la sanaa na teknolojia kwa watoto wa familia maskini huniuliza kwanza wanunue kompyuta ngapi. Huwajibu waanze na simu moja yenye kamera na udongo wa mfinyanzi wa kutosha. Wengine hudhani nawabania.

Mtoto aliyezoea kugombezwa akivunja penseli, kwa kuwa nyingine haipo, huja darasani na woga wa kuharibu. Mpe kompyuta mpya siku ya kwanza, ataigusa kwa ncha ya kidole. Mwalimu naye anaogopa, anaifungia kabatini. Udongo ukiharibika unafinyangwa upya. Picha mbaya inafutwa.

Kwa hiyo tunaanza na katuni. Watoto wanne wanafinyanga mnyama, wanampiga picha, wanamsogeza kidogo, wanampiga picha tena; picha zikipitishwa haraka, anaonekana anatembea. Tukitumia picha 12 kwa sekunde, katuni ya sekunde 10 inadai picha 120. Hapo hesabu imeingia bila kubisha hodi: mnyama avuke meza ya sentimita 60 kwa picha 120, kila mara asogee kiasi gani? Wakimsogeza kupita kiasi, kwenye kioo cha simu anaruka kama panzi. Sihitaji kusema kitu. Wanacheka, wanagombana kidogo, wanarudia. Zamu za kushika simu nazipanga mimi, la sivyo mwenye sauti kubwa ataishika hadi jioni.

Kutoka hapo kwenda kwenye kuandika programu za kompyuta si safari ndefu. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1967, aliona kosa la programu kuwa kitu cha kutafutwa na kurekebishwa, si aibu ya kufichwa. Kobe wake wa Logo, anayechora mstari kwa kufuata amri, tunamchezea sakafuni kwa chaki: mtoto mmoja ni kobe, mwenzake anaamuru. Hatua tano mbele, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Akisahau kusema ageuke, kobe anagonga ukuta. Baada ya hapo Scratch, programu ya kompyuta ya kuwafundisha watoto kuandika programu, haiwatishi. Ni ya bure, ina Kiswahili, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti.

Sipingi vifaa. Napinga kuvitanguliza. Peru iligawa mamia ya maelfu ya laptopu za mpango wa One Laptop per Child (laptopu moja kwa kila mtoto), na utafiti katika shule 319, nyingi zikiwa za vijijini, uliotolewa mwaka 2012, haukuona ushahidi kwamba matokeo ya hesabu na lugha yamepanda. Katika bajeti yangu, mshahara wa mwalimu atakayebaki mwaka mzima huja kabla ya mashine ya pili.

Jambo ambalo wafadhili hawaniulizi kamwe ni wadogo wa wanafunzi. Wasichana wengi huacha kuja kwa sababu nyumbani wameachiwa mtoto wa kulea. Nilipopiga marufuku watoto wadogo, nilipoteza wasichana. Kosa langu hilo. Sasa wanakuja nao, tumewatandikia mkeka pembeni na kuwapa bonge lao la udongo. Mara kwa mara mmoja hutoroka na kumminya twiga wa udongo wa kundi fulani katikati ya kazi. Kundi moja liliamua kumwacha mtoto huyo mle mle kwenye katuni, akiwa ndiye jitu.