Chai ya majani ya paini: inasaidia nini na nani asiinywe

Chai ya majani ya paini ni maji ya moto yaliyolowekwa majani mabichi ya msonobari, yale membamba kama sindano. Haina kafeini. Wakorea wanaifahamu tangu zamani, na huku kwetu Kanda ya Ziwa imeingia kwa njia ya simu: mtu anapata ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, kesho yake anaulizia majani. Miti yenyewe haiko mbali. Kuna Shamba la Miti Buhindi kule Buchosa, na Rubya kisiwani Ukerewe.

Sifa yake kubwa ni vitamini C, na sifa hiyo ni ya kweli. Katika majira ya baridi ya 1535 kuamkia 1536, mabaharia wa Mfaransa Jacques Cartier walinaswa na barafu karibu na ilipo Québec ya leo. Kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C, kiliwaua watu 25. Waliobaki waliokolewa na wenyeji, waliowaonyesha jinsi ya kuchemsha majani na magome ya mti mmoja wa jamii hii ya miti yenye koni. Ni mti gani hasa, wataalamu wanabishana hadi leo.

Lakini mabaharia wale hawakuwa na tunda wala mboga. Mtu wa Mwanza anayo mapera. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa mtu mzima, na pera moja la wastani linaweza kutoa zaidi ya 100. Kwa hiyo anayeitafuta vitamini C aanzie sokoni, kwenye mapera, machungwa na ubuyu. Chai ya paini aichukue kama kinywaji chenye harufu nzuri. Mvuke wake hupendeza mtu akiwa na mafua, basi.

Madai mengine yanahitaji kukanushwa waziwazi. Mwaka 2021, wakati wa korona, ulivuma uvumi kwamba majani haya yana suramini. Si kweli. Suramini ni dawa iliyotengenezwa maabara huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Inatibu malale, ugonjwa ambao wazee wa kanda hii hawahitaji kusimuliwa, na hutolewa kwa sindano ya mshipa chini ya uangalizi wa daktari. Haioti kwenye mti wowote. Asidi ya shikimiki imo kweli kwenye majani ya paini, na viwanda huitumia kama malighafi ya dawa ya mafua makali, ila hupitia hatua nyingi za kikemia kabla haijawa dawa. Kunywa malighafi si kunywa dawa. Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinapelekwa kupimwa kifua kikuu, hakifunikwi kwa chai.

Sasa usalama, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu wanachuma mti usio wenyewe. Mvinje unafanana sana na paini kwa mbali. Shika uzi mmoja uuvute: wa mvinje unakatikia kwenye vifundo, kipande baada ya kipande. Majani ya paini hayana vifundo; yanatoka kwa vifungu, mara nyingi matatu pamoja, yakiwa yameshikwa chini na kiala chembamba cha kahawia. Saipresi ya uzio ina majani madogo kama magamba, na hiyo usiichemshe kabisa. Ukishindwa kuutambua mti, acha.

Mjamzito asinywe. Wafugaji wa Marekani wanajua kwamba ng'ombe mwenye mimba akila majani ya aina fulani za paini, hasa ponderosa, hutupa mimba. Kinachosababisha ni asidi ya isokupresiki, ambayo imo pia katika baadhi ya saipresi. Kwa binadamu hakuna utafiti wa kutosha, na mimba si mahali pa kujaribia. Watoto wadogo nao wasipewe, wala mwenye pumu au mzio wa utomvu. Mafuta ya tapentaini yanayouzwa kwenye maduka ya rangi yanatokana na utomvu wa paini, lakini ni sumu. Hayanywewi hata tone.

Kwa mtu mzima mwenye afya anayetaka kuonja, kikombe kimoja kinatosha. Maji ya ziwa lazima yachemke sawasawa, majani hapana, kwa kuwa moto mwingi huharibu vitamini C. Epua sufuria kwanza, ndipo utumbukize majani yaliyooshwa na kukatwakatwa, funika kama dakika kumi, chuja.

Mama aliyekwisha kuinywa akiwa na ujauzito asikae na hofu peke yake. Aende kliniki amwambie nesi alikunywa lini na kiasi gani, na abebe tawi la mti wenyewe. Akiona damu au tumbo likimkata, aende hospitali saa hiyohiyo.